Sikuikataa Marekani

Parokiani kwetu kuna hadithi inayonihusu ambayo nimejaribu kuisahihisha mara kadhaa, lakini kila nikirudi nyumbani likizo naikuta imenenepa. Inasema kwamba nilipomaliza kidato cha nne, chuo kimoja cha Marekani kiliniita nikakimbie huko kwa kulipiwa kila kitu, nami nikaikunja barua yao, nikaenda kwa Paroko na kumwambia nataka kuwa padre. Imesimuliwa kwenye semina ya vijana, na imewahi kutajwa hata katika mahubiri. Desemba iliyopita niliisikia na nyongeza mpya: kwamba visa ilikuwa imeshagongwa kwenye pasipoti. Pasipoti hiyo ninayo mpaka leo, na kurasa zake zote ni tupu.

Ningeiacha ijifie yenyewe, kama hadithi nyingine za kijijini. Tatizo ni kwamba mwaka huu imeanza kufanya kazi. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo kuna kijana wa miaka 19, mtumishi wa altare tangu akiwa darasa la tano, ambaye amekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 49 kwenye uwanja wa vumbi. Kocha wa chuo kikuu huko Marekani amemwandikia. Mama yake alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Frateri, wewe uliweza kukataa. Nisaidie na huyu akatae."

Mama huyu amemwombea mwanawe upadre tangu Komunyo yake ya kwanza, na mimi ndiye mfano aliopewa. Kwa hiyo naandika hapa jinsi mambo haya yanavyokwenda, na jinsi yalivyokwenda kwangu.

Watu wengi, hata huku kwetu Elgeyo Marakwet ambako kila familia ina mkimbiaji wake, hudhani kocha wa Marekani anatafuta kipaji. Anatafuta pointi. Katika mbio za nyika za vyuo, timu hupanga wakimbiaji saba. Watano wa kwanza huhesabiwa kwa nafasi walizoshika, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mkimbiaji mmoja wa masafa marefu huitumikia timu majira matatu katika mwaka mmoja: mbio za nyika kuanzia Septemba, mbio za ukumbini wakati wa baridi, kisha za uwanjani mpaka Juni. Mrusha mkuki hawezi kufanya hivyo. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, ziliiruhusu timu ya wanaume ya daraja la kwanza itoe ufadhili 12.6 tu kwa mbio za nyika na riadha nzima kwa pamoja. Kocha aliukata vipande vipande na kuwagawia wakimbiaji, warukaji na warushaji. Mwenye vipande vichache namna hiyo humpa kwanza yule atakayemletea pointi mara tatu kwa mwaka. Ndiyo sababu simu hupigwa Iten.

Mambo yamebadilika kidogo. Kufuatia mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika mapatano hayo havibanwi tena na hesabu ya ufadhili. Vinabanwa na idadi ya wanamichezo: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Kocha anaweza kumlipia kijana kila kitu akitaka, lakini nafasi ya kumchukua mtu ili "tuone kama atakua" imepungua. Anamtaka ambaye ameshakua.

Safari hizi si za jana. Henry Rono wa Nandi alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1976 chini ya kocha John Chaplin, na mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hakuwahi kukimbia kwenye Olimpiki hata mara moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Baadaye ulevi ulimtesa kwa miaka mingi, naye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alifariki Februari 2024. Suleiman Nyambui, Mtanzania, alipitia El Paso huko Texas na kupata medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow 1980. Edward Cheserek alitoka Marakwet akiwa kijana mdogo, akasoma sekondari kwa watawa Wabenedikto mjini Newark, kisha chuoni Oregon akashinda mataji 17 ya NCAA. Wazee wetu wanayajua majina haya kama wanavyoyajua majina ya mapadre wa kwanza wa jimbo.

Mimi nilikimbia mita 5,000, na sikuwa Rono.

Matokeo ya mashindano yetu ya shule hupimwa kwa saa ya mkononi, kwenye uwanja wa vumbi, mahali pa juu ambapo pumzi ni haba. Kocha aliyeketi kwenye tambarare za Marekani hajui aliamini lipi. Hapo ndipo anapoingia mtu wa kati. Machi 2019, miezi michache baada ya KCSE, mmoja wao alitukusanya vijana kumi na mmoja Tambach, chini ya bonde kutoka Iten, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa mkimbiaji wa zamani mwenye simu nzuri. Alituzungusha mara kumi na mbili na nusu huku mwenzake akirekodi video kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukata, ili kocha ahesabu sekunde mwenyewe. Nilimaliza wa tatu, dakika 14 na sekunde 26. Video ilipelekwa kwa makocha watatu. Mmoja alijibu kwa ajili yangu.

Kabla ya jibu hilo tulilipa shilingi elfu sitini "za kufungua faili". Baba aliuza mtamba. Faili lenyewe, nilikuja kujua, hufunguliwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye intaneti kwa ada ndogo kuliko hiyo, na hakuna anayehitaji mtu wa kumfungulia. Sitamtaja mtu huyo. Namtaja mtamba, kwa sababu mama yangu bado anamtaja.

Kocha alinipigia Jumapili usiku kwa WhatsApp. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, mahali pekee penye mtandao. Aliniuliza muda wangu wa mita 1,500, uzito, kama nimewahi kuvunjika mfupa. Kisha akauliza, "Unataka kusoma nini?" Nikanyamaza. Walimu walikuwa wameniuliza nitapata gredi gani, na baba alikuwa ameniuliza ninaondoka lini. Huyu mgeni, ambaye shida yake ilikuwa pointi, ndiye mtu mzima wa kwanza kuniuliza ninachotaka kusoma. Nilimjibu baiolojia, kwa kuwa ndilo somo lililonijia kichwani. Nalitaja hili kwa makusudi, maana makocha hawa husimuliwa kwetu ama kama malaika ama kama wachuuzi wa ng'ombe, na yule wangu hakuwa hivyo wala hivyo.

Barua ilifika Juni. Chuo kilikuwa cha daraja la pili. Ada, malazi na chakula vilikuwa dola 24,000 kwa mwaka. Wao wangetoa 15,000. Zilizobaki, dola 9,000, ni juu ya familia, kila mwaka kwa miaka minne. Kwa bei ya dola ya wakati ule hiyo ni zaidi ya laki tisa. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja, unaoweza kurudiwa au kutorudiwa. Kisha kuna fomu iitwayo I-20, ambayo bila hiyo huwezi kuomba visa ya mwanafunzi, na chuo hakiitoi mpaka kione kwenye karatasi za benki kwamba pesa zipo.

Baba alikwenda kwenye sacco. Akaenda kwa ndugu zake. Tukafanya harambee senta, chifu akaja, Paroko akaja, ikapatikana laki moja na elfu kumi na mbili. Agosti kocha aliandika kwamba hawezi kungoja zaidi, kwamba ile 15,000 ataigawa kwa wengine, na kwamba anasikitika. Alikuwa muungwana. Baba alirudisha pesa za harambee jina kwa jina, akifuata daftari, kwa miguu. Ilimchukua wiki mbili, kwa sababu kila nyumba ilitaka anywe chai.

Hivyo ndivyo nilivyoikataa Marekani.

Kama pesa zingepatikana, ningekwenda. Kama ningeambiwa ndege inaondoka kesho, ningelala Nairobi kwenye uwanja wa ndege na viatu vyangu vya misumari kichwani. Upadre sikuuwaza mwaka huo, ingawa Mkurugenzi wa Miito alikuwa ametutembelea shuleni tukiwa kidato cha tatu. Naye, niseme kweli, alikuwa na daftari lake, na mle ndani parokia yetu ilikuwa na sifuri kwa miaka sita mfululizo. Hesabu hazikuanzia Marekani.

Mwaka uliofuata nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, na shule zilipofungwa Machi 2020 nikawa namsindikiza katekista wetu kupeleka unga na dawa kwa wazee wagonjwa mlimani, kwa kuwa mimi ndiye niliyeweza kupanda bila kupumzika. Huko ndiko jambo hili lilikoanzia, polepole, bila barua. Niliomba kujiunga na malezi mwaka 2022. Mapadre walezi waliniuliza waziwazi kama nakimbilia seminari kwa sababu mbio zilishindikana, na waliniuliza tena mwaka uliofuata. Ni swali halali. Bado naulizwa, na bado najibu.

Watu wa kwetu wana jibu lao tayari: Mungu alifunga mlango mmoja akafungua mwingine. Wanalisema kwa upendo, na siwezi kubishana na mama mzee anayesema hivyo akinipa mayai. Lakini kwenye ukurasa huu nabishana. Tulikuwa kumi na mmoja Tambach asubuhi ile. Wawili waliondoka. Mmoja sasa ni muuguzi Texas na amewasomesha wadogo zake watatu. Mwingine aliumia goti, ufadhili wake haukurudiwa, akarudi baada ya mwaka mmoja na sanduku lilelile. Kuna wa tatu ambaye kesi yake ilikuwa nakala ya yangu: barua, salio, harambee isiyotosha. Alikuwa mbele yangu kwa sekunde nne siku ile. Leo anakunywa. Tukikutana stendi ya matatu hunipigia saluti na kuniita "Baba Mtakatifu", kisha huniomba hamsini. Kama Mungu aliufunga mlango wangu kwa dola elfu tisa ili niwe frateri, wa huyu aliufunga ili awe nini?

Darasani tunafundishwa kutochanganya kilichofuata na kilichosababishwa, na tunapofika kwa Mtakatifu Thoma tunajifunza kwamba Mungu anatenda kazi kupitia visababishi ambavyo vina nguvu zao halisi. Salio la dola elfu tisa lina visababishi vyake: bei ya mahindi, thamani ya shilingi, mtu wa kati aliyekula mtamba. Kuvirukia vyote hivyo na kumbebesha Mungu lawama kwa jina la sifa ni kumsingizia. Naamini niliitwa. Siamini kwamba ili niitwe ilibidi baba yangu azunguke kijijini wiki mbili akirudisha mia mbili mbili.

Basi nilimwendea yule mama nyumbani kwake Jumatano jioni. Mumewe alikuwepo, na kijana mwenyewe, na mjomba mmoja ambaye alikuwa ameshaanza kupanga wageni wa sherehe. Niliomba barua niisome. Hii ilikuwa tofauti na yangu: ada yote, malazi, chakula, vitabu, bima. Niliwatafsiria mstari kwa mstari, kisha tukaanza kuuliza yale ambayo barua haikusema.

Ufadhili ni wa miaka mingapi? Akiumia mwezi wa kwanza, je? Nani analipa tiketi, ada ya visa, na jaketi la baridi? Kuna Wakenya wangapi waliopitia mikononi mwa kocha huyu, na wangapi kati yao walimaliza digrii? Hili la mwisho ndilo nililolikazia, kwa sababu majibu yake yapo: unawatafuta hao vijana, unawapigia. Kijana alikuwa amewatafuta wawili tayari. Mmoja alimsifu kocha. Mwingine alisema ni mtu mzuri lakini hukimbiza watu wakiwa wagonjwa. Nilimwambia aandike vyote viwili.

Nikamwambia pia kuhusu kazi, kwa kuwa mjomba alikuwa akiongea juu ya kutuma pesa kufikia Krismasi. Mwenye visa ya mwanafunzi hawezi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na zile pesa ambazo wanamichezo wenzake Wamarekani wanalipwa siku hizi, yeye mgeni ana vizuizi vingi katika kuzipokea. Mjomba alipoa kidogo.

Mama alikuwa kimya muda wote akimenya viazi. Mwishoni akasema, "Akienda hatarudi." Sikumdanganya. Wengine hawarudi. Paul Chelimo alizaliwa Iten, akapitia chuo kule North Carolina, akaingia jeshi la Marekani, na Rio 2016 alipanda jukwaani kuchukua medali ya fedha ya mita 5,000 akiwa na bendera yao. Mama alimkumbuka, walikuwa wameitazama mbio hiyo kwa jirani.

"Na upadre je, Frateri?"

Nilimwambia juu ya Peter Rono. Alisoma St. Patrick's Iten, kwa Mabruda, kisha akachukuliwa na Mount St. Mary's huko Maryland, chuo kidogo cha Kikatoliki, akaenda Seoul 1988 na kushinda dhahabu ya mita 1,500 akiwa na miaka 21. Chuo hicho hicho kina seminari kubwa ndani ya uwanja wake. Rono hakuwa padre, nikaharakisha kusema, ila mahali anapokimbilia mtu si lazima pawe mbali na altare. Na nikamweleza habari yangu yote, mtamba, daftari na ile 15,000, kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Sidhani alifurahi. Mfano aliokuwa ameuwekea mishumaa ulikuwa unabomolewa na mfano wenyewe, tena jikoni kwake.

Kijana ndiye aliyeniuliza, "Ungepata hizo pesa, leo ungekuwa nani?"

"Sijui. Labda muuguzi."

"Ungekuwa umeoa," akasema mama, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.

Ijumaa kocha alipiga simu, na kijana aliiweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie. Mimi nilikuwa mkalimani. Baba aliuliza kuhusu bima. Mjomba aliuliza kuhusu tiketi. Kocha aliuliza kama familia ina swali jingine, na mama akafuta mikono kwenye leso, akasogea karibu na simu kana kwamba ni sikio la mtu, akauliza kwa Kiswahili: "Jumapili anasali wapi?"

Nilitafsiri. Kocha alinyamaza muda mrefu kiasi cha kutufanya tudhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwa kweli hajui, hajawahi kuulizwa, na ataulizia. Tulidhani ni adabu tu. Kesho yake asubuhi ulikuja ujumbe: jina la parokia, saa za Misa, umbali wa maili mbili kutoka bwenini, na kwamba msichana mmoja wa timu ya wanawake husali huko na ana gari. Mama alimwambia kijana aandike saa za Misa ukutani, juu ya kalenda ya jimbo. Kisha akauliza maili mbili ni sawa na kutoka pale mpaka wapi, nikamwambia mpaka kwenye daraja. "Hiyo si mbali," akasema, "hata akikosa gari."